Lindo la Mgonjwa Aliyetiwa Nusukaputi

Askari anayepelekwa kupasuliwa huwa na maswali mengi, na karibu yote humwuliza daktari. Atauliza kidonda kitapona lini, atarudi kazini baada ya majuma mangapi, na ni nani atakayewapelekea watoto posho yao wakati yeye yumo wodini. Lakini liko swali moja ambalo hamwulizi daktari. Hilo humnong'oneza mgonjwa wa kitanda cha pili, usiku, taa zikiwa zimekwisha kupunguzwa: "Je, nikiamka katikati?" Mwenzake hucheka, akamwambia kwamba hakuna aamkaye. Mke wa askari naye, aambiwapo kwamba mtoto hataweza kupita njia ya kawaida na kwamba itambidi azae kwa kisu, huenda na swali hilo hilo mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, wala halitoi.

Swali hilo si la woga, wala si la ujinga. Wataalamu wenyewe wamekuwa wakiliuliza tangu karne ya kumi na tisa, na mojawapo ya majibu yao ni kibandiko chenye waya kinachowekwa juu ya paji la uso wa mgonjwa ili kusoma umeme wa ubongo wake wakati kisu kinapofanya kazi. Ni chombo cha ajabu. Hata hivyo yafaa kieleweke vema, kwa maana kimekwisha kusifiwa kupita kadiri yake.

Kiswahili kinalo neno la hali anayotiwa mgonjwa huyo: nusukaputi. Sehemu ya pili ya neno hilo inatokana na Kijerumani, na maana yake ni kitu kilichovunjika au kilichokwisha. Neno hilo lasema kweli kuliko neno "usingizi", ambalo hutumiwa kwa adabu ili mgonjwa asitishike. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida akichomwa kwa sindano huruka. Aliyetiwa nusukaputi hupasuliwa tumbo naye ametulia. Yumo njiani kati ya walio hai na waliokufa, na anayempeleka huko sharti ajue wakati wote amemfikisha umbali gani. Akimwacha karibu mno, mgonjwa atasikia kisu. Akimpeleka mbali mno, presha huanguka, pumzi hukatika, na moyo husimama.

Shida ya kupima umbali huo ilianza siku ile ile kazi yenyewe ilipoanza. Mwaka 1845, mjini Boston katika Marekani, mganga wa meno aitwaye Horace Wells aliwaita madaktari na wanafunzi waje kuona jinsi mtu anavyoweza kung'olewa jino bila maumivu baada ya kuvuta gesi. Gesi haikutosha, mgonjwa akapiga kelele, na watazamaji wakamzomea Wells mpaka akatoka. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji huo huo, William Morton aliyewahi kufanya kazi pamoja na Wells alimvutisha mgonjwa mwingine mvuke wa etha, na Dakta John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni huku mgonjwa akiwa kimya. Siku hiyo husherehekewa hata leo kuwa ndiyo siku maumivu yaliposhindwa. Lakini mgonjwa yule alipozinduka alisema kwamba alihisi kama aliyekwaruzwa shingoni. Basi hata katika ushindi huo wa kwanza, yeye hakuwa amekwenda mbali sana.

Aliyeweka alama za barabarani katika safari hiyo alikuwa daktari wa jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Arthur Guedel wa Marekani alikuwa Ufaransa, ambako majeruhi waliletwa kwa wingi kuliko wataalamu wa kuwalaza. Ilimbidi awafunze wauguzi na askari wa tiba kutoa etha, watu ambao hawakuwa na elimu ya udaktari. Kisha yeye akawa anapanda pikipiki akizunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine kuwasimamia. Kwa ajili ya watu hao alitengeneza chati. Tazama macho: je, mboni zinazungukazunguka au zimetulia? Zimepanuka au zimebana? Sikiliza pumzi: ni ya kushtukashtuka au inakwenda kwa utaratibu? Inatoka kifuani au tumboni peke yake? Kutokana na dalili hizo mtoa etha alijua kama mgonjwa yuko katika hatua ya kwanza ya kupoteza maumivu, au ya pili ya kurukaruka na kupigana, au ya tatu ambayo ndiyo ya kupasulia, au ya nne ambayo ni ya hatari na karibu na kifo. Chati ile ilidumu kwa muda mrefu, na haikuhitaji umeme wala betri.

Kisha ikaja dawa iliyozifuta alama zote. Watu wa misitu ya Amerika ya Kusini walikuwa tangu kale wakipaka mishale yao sumu iitwayo kurare, ambayo hulegeza misuli ya mnyama hata asiweze kukimbia wala kuvuta pumzi. Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal katika Kanada, Dakta Harold Griffith na mwenzake Enid Johnson walimdunga kijana aliyekuwa akipasuliwa kidole tumbo dawa iliyotokana na sumu hiyo, ili misuli ya tumbo ilegee. Ililegea vizuri kabisa. Tangu hapo madaktari wa upasuaji wamekuwa wakizipenda dawa za namna hiyo, na kwa haki, kwani zimewezesha mgonjwa kupasuliwa bila ya kujazwa etha nyingi ya kumdhuru.

Lakini tazama kilichotokea. Mgonjwa aliyelegezwa misuli havuti pumzi mwenyewe, bali huvutishwa kwa mashine au kwa mkono. Kwa hiyo pumzi yake haisemi neno. Macho yake hayazunguki. Akihisi kisu hawezi kuvuta mguu, hawezi kulia, hawezi hata kukunja kidole. Kwa mara ya kwanza iliwezekana mtu awe macho kabisa juu ya meza ya upasuaji, anasikia kila kitu, na kila aliye chumbani akaamini kwamba amelala. Mtaalamu wa usingizi alibakiwa na dalili chache: mapigo ya moyo, presha, jasho, na machozi. Dalili hizo nazo hudanganya, kwa sababu mtu aliyepoteza damu nyingi au anayetumia dawa za moyo anaweza kuteseka bila presha yake kupanda.

Ndipo watu walipoanza kumgeukia ubongo wenyewe, na hapa habari inarudi tena jeshini. Katika miaka ya 1890 kijana wa Kijerumani aitwaye Hans Berger alikuwa akitumikia jeshi. Siku moja katika mazoezi farasi wake aliruka akamwangusha chini, mbele ya mzinga uliokuwa ukivutwa na farasi wengine. Mzinga ulisimamishwa karibu ya kumponda. Jioni ile ile alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, akiulizwa hali yake, kwa sababu dada yake alikuwa ameingiwa na hofu ya ghafula kwamba ndugu yake yumo hatarini. Berger hakusahau jambo hilo. Aliamini kwamba ubongo wake ulikuwa umetoa nguvu fulani ikamfikia dada yake, na akasomea udaktari ili aitafute nguvu hiyo. Nguvu ya kupeleka mawazo hakuipata. Alichokipata, katika mji wa Jena mwaka 1924, ni umeme mdogo unaotoka katika ubongo wa mwanadamu, ambao aliurekodi kwanza kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amepasuliwa fuvu. Kwa miaka mitano hakutangaza, akirudia vipimo, hata juu ya mwanawe mwenyewe, mpaka mwaka 1929. Wengi hawakumsadiki hadi mwaka 1934, wakati Edgar Adrian wa Cambridge, bingwa aliyeheshimiwa dunia nzima, alipoyaona mawimbi yale yale.

Umeme huo ni mdogo ajabu. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Mawimbi ya ubongo yakipimwa juu ya ngozi ya kichwa ni kiasi cha sehemu kumi hadi mia moja za volti iliyogawanywa mara milioni. Mtu aliye macho akifumba macho na kutulia, mawimbi yake huenda kiasi cha kumi kwa sekunde. Akianza kutiwa dawa nyingi za usingizi, mawimbi hupungua mwendo na kukua, kama ya ziwa baada ya upepo kutulia. Dawa ikizidi, ubongo hunyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha hutoa mshindo mfupi, kisha hunyamaza tena. Ikizidi zaidi, mstari hulala kabisa. Mwaka 1937 watafiti Frederic Gibbs, Erna Gibbs na William Lennox walipendekeza kwamba mabadiliko hayo yaweza kumwongoza daktari kujua mgonjwa amelala kiasi gani. Karibu na mwaka 1950 Reginald Bickford wa Mayo Clinic alithubutu hata kuunganisha mawimbi hayo na bomba la dawa, ili ubongo wa mgonjwa ujipimie dawa wenyewe. Ulikuwa ufundi mkubwa, lakini mashine za siku zile zilijaza meza nzima, na kuisoma mistari iliyochorwa juu ya karatasi ndefu kulitaka bingwa. Chumba cha upasuaji hakina nafasi ya bingwa wa pili.

Kilichoileta kazi hiyo katika hospitali nyingi ni kompyuta. Kampuni moja ya Massachusetts iliyoanzishwa na Nassib Chamoun mwaka 1987 ilitengeneza kipimo kiitwacho BIS, ambacho serikali ya Marekani ilikiruhusu mwaka 1996. Kibandiko huwekwa pajini. Mashine huyachambua mawimbi, ikatazama mwendo wake, jinsi yanavyofuatana, na vipindi vya ukimya, kisha huonyesha namba moja tu. Namba 100 ni mtu aliye macho. 0 ni ubongo usiotoa umeme wowote. Na kati ya 40 na 60 ndipo mgonjwa anapotakiwa kuwa anapopasuliwa.

Namba moja ni rahisi kusomwa, na hapo ndipo penye mtego wake. Mwanzoni habari zilikuwa njema. Katika uchunguzi ulioongozwa kutoka Australia na kutolewa mwaka 2004, wagonjwa 2,463 walio katika hatari kubwa ya kuamka waligawanywa makundi mawili: katika kundi lililolindwa kwa kipimo waliamka 2, na katika kundi la pili waliamka 11. Watu wakasema jambo limekwisha. Lakini madaktari wa St. Louis walijiuliza itakuwaje mashine ikishindanishwa si na uzembe bali na mlinzi mwingine aliye macho, yaani kengele inayolia wakati gesi ya usingizi katika pumzi ya mgonjwa inapopungua. Mwaka 2008 walitoa matokeo ya wagonjwa karibu 2,000: kila upande waliamka 2. Wakarudia kwa wagonjwa zaidi ya 6,000, na mwaka 2011 ikaonekana kwamba waliamka 7 upande wa kipimo cha ubongo na 2 upande wa kengele ya gesi.

Hiyo haina maana kwamba kipimo hakifai. Mgonjwa anayelazwa kwa dawa ya mshipani peke yake, kama propofoli, hana gesi ya kupimwa katika pumzi. Kwake yeye kipimo cha ubongo ni msaada wa kweli, na mahali kilipo kinapaswa kutumiwa. Kwa wazee pia kilitumainiwa kwamba kingepunguza kule kuweweseka kunakowapata wengi baada ya kupasuliwa. Uchunguzi mwingine uliunga mkono tumaini hilo, na mwingine, uliotolewa mwaka 2019, haukuona faida.

Kisha yako makosa ya chombo chenyewe. Namba inayoonekana ni ya sekunde kadhaa zilizopita, si ya sasa. Chombo cha umeme cha kuzuia damu huvuruga mawimbi. Misuli ya paji nayo hutoa umeme wake, na mashine huweza kuuchanganya na wa ubongo. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walitoa habari za watu 10 waliojitolea kudungwa dawa ya kulegeza misuli bila ya dawa yoyote ya usingizi. Walikuwa macho, wanasikia, wanafahamu, ila hawawezi kujitikisa. Namba ikashuka kwao, kwa wengine hata ikafika mahali ambapo mashine ingemwambia daktari kwamba mgonjwa amelala barabara. Msomaji na asimame kidogo hapo. Mgonjwa anayehitaji zaidi kulindwa, yule asiyeweza kukunja hata kidole, ndiye anayeweza kusomwa vibaya zaidi.

Hospitali nyingi za Uganda na za nchi jirani hazina kipimo hicho, na sehemu kubwa ya kazi ya kulaza wagonjwa hufanywa na maafisa wa tiba waliofunzwa kazi hiyo, wala si na madaktari bingwa. Dawa wanayoitegemea mara kwa mara ni ketamini, iliyowahi kutumiwa kwa majeruhi wa vita vya Vietnam na ambayo tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Aliyelazwa kwa ketamini huweza kubaki na macho wazi, akaguna, akatikisa mkono, ilhali hajui lolote. Na ndoto zake wakati wa kuzinduka huweza kuwa za kutisha. Kwake yeye kipimo cha BIS hupotea njia: namba haishuki kama inavyotakiwa, na wakati mwingine hupanda. Kwa hiyo hospitali ya wilaya isiyo na mashine hiyo haijanyimwa kila kitu. Ikiwa kuna fedha za kununua chombo kimoja tu, kile kinachobanwa kidoleni ili kupima hewa safi katika damu ndicho kinachostahili kutangulia, maana kukosa hewa huua kwa dakika chache.

Iko pia njia ya zamani isiyohitaji kompyuta. Mwaka 1977 daktari wa Uingereza, Michael Tunstall, alieleza jinsi ya kuufunga mkono mmoja wa mgonjwa kwa mkanda wa presha kabla dawa ya kulegeza misuli haijadungwa, ili dawa isiufikie mkono huo. Mwili mzima umelegea, lakini mkono huo mmoja una uhuru. Mtaalamu huinama sikioni akasema: kama unanisikia, bana mkono wangu. Askari anaijua amri ya namna hiyo, ya kutoa ishara pale sauti isipowezekana. Katika uchunguzi wa nchi kadhaa uliotolewa mwaka 2017, kati ya wagonjwa 260 walioulizwa hivyo mwanzoni mwa upasuaji, 12 waliitikia kwa mkono, na karibu wote hawakukumbuka kitu baadaye.

Ni wangapi basi wanaoamka na kukumbuka? Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulihesabu malalamiko yaliyoletwa na wagonjwa wenyewe: mmoja kati ya watu 19,000 hivi. Waliopewa dawa ya kulegeza misuli walikuwa mmoja kati ya 8,000. Wasiopewa, mmoja kati ya 136,000. Akina mama waliozaa kwa kisu chini ya nusukaputi walikuwa mmoja kati ya 670, kwa sababu upasuaji wao hufanywa kwa haraka na dawa hupimwa kwa uangalifu ili mtoto asilewe. Majeruhi aliyevuja damu nyingi naye yumo katika hatari ya namna hiyo, kwani dozi kamili ingeuangusha moyo wake. Hapo mtaalamu huchagua uhai kwanza, na hakuna haki ya kumlaumu.

Akina mama wengi, lakini, hawatiwi nusukaputi. Hupigwa sindano ya ganzi mgongoni. Hao huwa macho tangu mwanzo, watasikia vyombo vikigongana na watahisi kuvutwavutwa tumboni, na hilo si kosa. Wakihisi maumivu makali na waseme papo hapo.

Yanayomhusu mgonjwa kabla ya siku yake ni machache lakini ni ya lazima. Amweleze mtaalamu wa usingizi kama amewahi kuamka katikati ya upasuaji, au kama dawa ziliwahi kukawia kumshika. Aseme kweli kuhusu waragi: mwili uliozoea pombe kila siku huweza kuhitaji dawa zaidi, na wengi huificha habari hiyo kwa kuwa mkubwa wao wa kikosi amesimama karibu. Basi na amwombe mkubwa huyo atoke nje. Dawa zote anazotumia, za dukani na za mitishamba, zitajwe kwa majina.

Wengi walioamka hawakusema. Katika uchunguzi ule wa Uingereza na Ireland wako waliokaa miaka mingi kabla ya kufungua kinywa, wakiogopa kuitwa waongo au wenda wazimu. Kilichowatisha zaidi, kupita hata maumivu, ni kule kushindwa kujitikisa bila kujua ni kwa nini, hata wengine wakadhani wamekwisha kufa. Baadaye hupata usingizi wa jinamizi, hasira za ghafula, na kuikimbia hospitali hata mtoto akiugua. Nyumbani mambo hayo huchukuliwa kuwa ni tabia mbaya. Kwa sababu hiyo jamaa anayeketi karibu na kitanda anaweza kuuliza yale ambayo madaktari wenyewe wamekuwa wakiyauliza tangu mwaka 1970. Ni kitu gani cha mwisho unachokumbuka kabla ya kulala? Cha kwanza ulipoamka ni kipi? Je, kati ya hivyo viwili unakumbuka lolote? Uliota ndoto? Aulize siku ile, aulize tena baada ya juma moja, kwa kuwa kumbukumbu nyingine hukawia kurudi. Mgonjwa akisema alisikia, asikatizwe wala asichekwe. Maneno aliyoyasikia yaandikwe kama alivyoyataja, na mtaalamu wa usingizi aliyekuwa zamu aitwe kitandani kuyasikiliza.